Reli ipi, bawaba ipi? Jibu kuhusu majina ya vifaa vya kabati na rafu

Msomaji anaeleza kwamba anatengeneza kabati la milango mitatu iliyo sambamba, lenye droo mbili chini na rafu za kuhamishika juu, kwa chipbodi yenye unene wa 18 mm. Aliagiza vifaa kwa majina aliyoyasikia kwa mafundi: bawaba za kabati jozi tatu, reli jozi mbili, pini za rafu, na kamloki ishirini za kuungia mbao. Bawaba zimefika, lakini mlango wa katikati unagongana na jirani yake. Reli zilizofika ni vyuma virefu vyenye matundu membamba, na havisogei hata kidogo. Pini ni nene kuliko matundu aliyochimba, na kamloki zimekuja na funguo. Anauliza: „Je, ipo orodha moja ya majina sahihi ninayoweza kuitegemea, au mimi ndiye niliyekosea?“

Ndugu msomaji, hukukosea, na orodha hiyo haipo. Kila jina ulilotumia ni jina halali la kifaa ulichokitaka, na wakati huohuo ni jina halali la kifaa ulicholetewa. Vifaa hivi vimepewa majina na watu wa kazi mbalimbali, kila mmoja akitazama upande wake: seremala hukiita kifaa kwa kazi kinayoifanya, mtengenezaji hukiita kwa umbo lake au kwa jina la kampuni yake, mpanga maduka hukiita kwa mahali kinapofungwa, na mfasiri wa maelezo ya kwenye pakiti huchagua neno la kwanza analoliona kwenye kamusi. Ndiyo maana ninawashauri wanaoniuliza waache kulitegemea jina peke yake, na badala yake waeleze mambo manne: kifaa kinashika nini, kinafungwa wapi, kinakwendaje, na kina vipimo gani. Muuzaji anayeijua kazi yake akiyapata hayo manne hawezi kukuletea kitu kingine, hata kama yeye ana jina lake na wewe una lako.

Tuanze na neno reli, kwa kuwa ndilo linalowapoteza watu wengi zaidi. Katika kazi ya kabati na rafu, neno hili hubeba angalau vitu vinne. Kuna reli ya droo, inayoiwezesha droo kutoka na kurudi. Kuna reli ya ukutani, yaani chuma kirefu kinachosimamishwa wima, chenye matundu membamba ya kupachikia mikono ya rafu. Kuna reli ya kutundikia, ambayo hulazwa ukutani ili kabati la juu lining'inizwe kwayo kwa ndoano zilizo mgongoni mwake. Halafu kuna bomba la kutundikia nguo ndani ya kabati, ambalo nalo wengi huliita reli. Wewe ulitaka ya kwanza ukaletewa ya pili, na aliyekuhudumia hakudanganya.

Reli ya droo yenyewe ina majina mengine, nayo ni chaneli, slaidi na rana, na mara nyingi yote matatu humaanisha kitu kilekile. Tofauti inayofaa kuulizwa haimo kwenye majina hayo bali kwenye namna ya kutembea. Reli za magurudumu huwa na gurudumu dogo la plastiki mbele ya kipande cha kabati na jingine nyuma ya kipande cha droo, hivyo droo hutoka kwa takriban robo tatu ya urefu wake na sehemu ya nyuma hubaki imefichwa. Reli za gololi zina vipande viwili au vitatu vya chuma vinavyoteleza juu ya gololi ndogo, na zile za vipande vitatu huitoa droo nzima, hata kilicho pembeni kabisa nyuma kikaonekana. Aina ya tatu hukaa chini ya sakafu ya droo na haionekani droo inapofunguliwa. Hiyo ni nzuri sana, lakini droo yake lazima itengenezwe kwa kufuata jedwali la vipimo la mtengenezaji wa reli, kwa sababu kila mmoja ana hesabu zake.

Kwa reli za ubavuni, kipimo kinachotawala ni unene wa reli. Nyingi zinahitaji nafasi ya 12.7 mm, yaani nusu inchi, kila upande wa droo. Mafundi hukadiria 13 mm kila upande ili kuwe na uhuru kidogo, kwa hiyo nafasi ya ndani ikiwa na upana wa 400 mm, droo yenyewe kwa nje inakuwa na upana wa 374 mm. Pungukiwa kidogo, utaweka kipande chembamba cha mbao nyuma ya reli na droo itatembea vizuri. Zidisha hata milimita moja, na droo itakaza, gololi zitakwaruza, na utalazimika kuirudia kazi yote. Urefu wa reli huuzwa kwa hatua, kwa kawaida ya 50 mm, na unachagua ule ulio mfupi kuliko kina cha ndani cha kabati: kina cha 480 mm kinapokea reli ya 450 mm. Uliza pia kama reli zina upande wa kulia na wa kushoto. Za magurudumu huwa nazo, na kila kipande kina alama yake. Za gololi za ubavuni kwa kawaida hazibagui.

Kuna maneno mawili kwenye pakiti ambayo wengi huyasoma kama ni kitu kimoja, ilhali sivyo. Reli inayojifunga yenyewe huivuta droo ndani kwa springi inapokaribia mwisho, na inaweza kuivuta kwa kishindo. Reli inayojifunga taratibu ina kizuizi cha mafuta au hewa kinachoipunguzia droo mwendo katika hatua ya mwisho, ikatua bila sauti. Ya tatu, inayofunguka kwa kusukumwa, hufanya kazi ya kinyume: unaigusa droo, nayo hutoka. Hii ya mwisho inafaa droo isiyo na kishikio, na si kila mtengenezaji aliyeweza kuiunganisha na ile ya taratibu katika reli moja, kwa hiyo usidhani kwamba ukipata sifa moja umepata na nyingine.

Sasa bawaba, ambapo shida yako ni kubwa zaidi na ambapo ufumbuzi wake, nafurahi kusema, ni mwepesi kuliko unavyofikiri. Ninavyoelewa maelezo yako, umeletewa bawaba za kikombe. Wengine huziita bawaba za kujificha kwa sababu hazionekani mlango ukiwa umefungwa, wengine huziita bawaba za Ulaya, na wengine huzitaja kwa jina la kampuni iliyoandikwa juu yake. Ni kitu kimoja. Chukua moja mkononi uitazame. Kuna kikombe cha mviringo kinachozama ndani ya mlango, na kipenyo chake ni 35 mm katika bawaba nyingi, ingawa zipo ndogo za 26 mm kwa milango miembamba na kubwa za 40 mm kwa milango minene. Kuna mkono unaotoka kwenye kikombe. Kisha kuna bamba linalofungwa kwa skrubu kwenye ubavu wa kabati, na mkono hupachikwa juu yake.

Siri yote imo kwenye huo mkono. Ilaze bawaba mezani ukiwa umeifungua, kisha itazame kutoka ubavuni. Mkono ukiwa umenyooka, bawaba hiyo ni ya mlango unaofunika ubavu wote wa kabati. Mkono ukiwa umepinda kidogo, kama mgongo wa mtu anayeinama kuokota kitu, ni ya mlango unaofunika nusu tu ya unene wa ubavu. Ukiwa umepinda sana, karibu na kikombe kukiwa na nundu inayoonekana wazi, ni ya mlango unaozama ndani ya kabati, ukawa sawa na ukingo wa mbele wa mbavu zake. Bawaba hizi tatu zina kikombe kilekile, mara nyingi zina bamba lilelile, zinafungwa kwa skrubu zilezile, na kwenye picha ndogo ya pakiti zinafanana kama mapacha. Ndiyo maana jina „bawaba za kabati“ haliwezi kuzitenganisha.

Litazame kabati lako kwa jicho hilo. Lina mbavu mbili za nje na vigawanyo viwili vya ndani. Mlango wa kushoto umebebwa na ubavu wa nje wa kushoto, wa kulia na ubavu wa nje wa kulia, na wote wawili wana haki ya kufunika ubavu wao wote, kwa kuwa hakuna mwingine anayeudai. Mlango wa katikati umebebwa na kimoja kati ya vigawanyo, na kigawanyo hicho chenye unene wa 18 mm kinagawanywa na milango miwili: upande mmoja bawaba za mlango wa katikati, upande wa pili ukingo wa mlango wa jirani unaokuja kutua hapohapo. Bawaba zako zenye mkono ulionyooka zinausogeza mlango wa katikati mpaka ufunike karibu kigawanyo kizima, na jirani yake hana pa kutua. Hazina kasoro, zimewekwa mahali pasipo pake.

Unachohitaji ni jozi moja tu ya bawaba za kufunika nusu kwa ajili ya mlango wa katikati, kutoka kwa mtengenezaji yuleyule aliyetengeneza hizi ulizonazo. Ninasisitiza awe yuleyule, kwa sababu namna mkono unavyoshikana na bamba hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na bawaba ya mmoja haipachikwi kwenye bamba la mwingine. Ukipata za yuleyule, tundu la kikombe kwenye mlango halibadiliki, na bamba kwenye kigawanyo linabaki lilipo. Unatoa bawaba ya zamani, unaweka mpya, na mlango unasogea kando kwa takriban 9 mm. Kila mlango utafunika kama 8 mm za kigawanyo, na katikati kutabaki mwanya wa 2 mm ambao utausawazisha kwa skrubu za bawaba. Moja kati ya skrubu hizo huupeleka mlango kulia na kushoto, nyingine huusogeza mbele na nyuma, na za bamba huruhusu kuupandisha na kuushusha. Anza na kupanda na kushuka, kisha kulia na kushoto, na mwisho mbele na nyuma. Ukifuata mpangilio mwingine utajikuta unalirekebisha lile ulilokwisha kulirekebisha.

Jambo jingine la kuandika kwenye agizo la bawaba ni pembe ya kufunguka. Ya kawaida ni kati ya 95° na 110°. Ukiwa na droo ya ndani nyuma ya mlango, utahitaji inayofunguka zaidi, kama 155° au 170°, la sivyo droo itagonga mlango.

Kuhusu pini za rafu, maelezo ni mafupi. Makabati ya mbao bapa yaliyoenea kutoka Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hufuata mpangilio wa matundu yenye kipenyo cha 5 mm, yaliyoachana kwa 32 mm kutoka kiini cha tundu hadi kiini cha jingine, huku mstari wa kwanza ukiwa 37 mm kutoka ukingo wa mbele. Mpangilio huo hufahamika kama mfumo wa 32. Sambamba nao zipo pini za inchi, za robo inchi, ambazo ni 6.35 mm. Ukijaribu kuisukuma pini ya 6.35 mm ndani ya tundu la 5 mm kwenye chipbodi, tundu litapasuka kwa ndani na hutaliona pasuko hilo mpaka rafu ibebe vitabu. Usiipige nyundo, irudishe. Ukishayachimba matundu kwa 5 mm, andika kwenye agizo pini za 5 mm na umbo unalolitaka: zenye ulimi bapa kama kijiko, zenye pembe kama herufi L, au zenye mpira wa kuzuia rafu ya kioo isiteleze.

Mfumo huohuo wa 32 utakusaidia kuelewa jambo linalowashangaza wengi kuhusu vishikio. Vipimo vinavyotajwa kwenye vishikio vya milango na droo, kama vile 96, 128, 160 na 192 mm, vyote ni 32 iliyozidishwa. Vipimo hivyo huhesabiwa kutoka kiini cha tundu la skrubu moja hadi kiini cha tundu la pili, wala si urefu wa kishikio kutoka ncha hadi ncha. Kishikio chenye urefu wa 150 mm kinaweza kuwa na matundu yaliyoachana kwa 128 mm. Anayepima kwa ncha hununua kishikio kisichoingia kwenye matundu yaliyokwisha kuchimbwa.

Kamloki ndilo jina lenye utata usioweza kutatuliwa kwa kulitamka vizuri zaidi, kwa kuwa vitu vyote viwili vinavyobeba jina hilo vinalistahili sawasawa. Kimoja ni kiungo: duara dogo la chuma, mara nyingi lenye kipenyo cha 15 mm, linalozamishwa kwenye uso wa mbao moja na kuzungushwa kwa bisibisi ili liukamate na kuuvuta mchi wenye kichwa uliofungwa kwenye mbao ya pili. Kingine ni kitasa cha kabati chenye ufunguo, ambapo ukizungusha ufunguo, ulimi bapa nyuma ya mlango huzunguka na kushika ukingo. Vyote viwili hufanya kazi kwa kipande kinachozunguka na kukaza, na hapo ndipo jina lilipotoka. Tangu nilipomwona mteja mmoja akipoteza siku nzima ya kazi kwa ajili ya neno hili, siliandiki tena kwenye agizo lolote. Ninaandika „kiungo cha mbao cha kuzungusha, duara la 15 mm, pamoja na michi yake“, na ninataja umbali kutoka ukingo wa mbao hadi kiini cha duara, ambao kwa kawaida ni 24 au 34 mm na hutegemea urefu wa mchi. Usisahau michi, kwa sababu mara nyingine huuzwa peke yake.

Lugha yetu wenyewe ina utata wa namna hii, na hatuna sababu ya kuyalaumu maneno ya kigeni tu. Neno kitasa kwa mmoja ni mahali pa ufunguo, kwa mwingine ni kishikio, na kwa wa tatu ni mtambo mzima wa mlango. Komeo kwa mmoja ni chuma kinachosukumwa kwa mkono kuingia kwenye tundu, na kwa mwingine ni chochote kinachozuia mlango usifunguke. Katika kabati, tofauti ya kuzingatia ni kati ya kifaa kinachofunga kwa nguvu na kifaa kinachoshikilia tu. Sumaku ndogo ya mlangoni, kigurudumu chenye springi na gololi yenye springi hushikilia mlango usijifungue, lakini ukiuvuta kidogo unafunguka. Ukitaka mtoto asifungue, havitakusaidia. Na ukiwa na bawaba za kikombe zenye springi, ambazo hujifunga zenyewe, huhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Nimeona makabati mengi yaliyowekewa sumaku zisizo na kazi yoyote.

Ikiwa utaamua kuzitumia zile reli za ukutani ulizoletewa kwa rafu nyingine, badala ya kuzirudisha, zipime kabla ya kununua mikono yake. Zipo zenye mstari mmoja wa matundu na zipo zenye mistari miwili, na umbali kati ya tundu na tundu hutofautiana, hivyo mkono wa kampuni moja unaweza kukataa kuingia kwenye reli ya nyingine au, jambo lililo baya zaidi, ukaingia kwa ulegevu. Nenda na kipande cha reli mkononi. Mikono hiyo nayo huitwa brakiti, jina ambalo pia ni la chuma cha pembe chenye umbo la L kinachofungwa moja kwa moja ukutani. Kwa hicho cha pembe, kama miguu yake haina urefu sawa, mguu mrefu ndio ulalie ukuta, kwa kuwa skrubu ya juu ndiyo inayovutwa na uzito wa rafu, na kadiri ilivyo mbali na sehemu ya chini ndivyo mvuto unavyopungua. Plagi za plastiki za ukutani ambazo mafundi wengi huziita fisha zimepata jina hilo kutoka kwa Artur Fischer, Mjerumani aliyebuni plagi ya nailoni mwaka 1958. Ukisema fisha utapewa plagi ya kampuni yoyote, na hapo cha kutaja ni kipenyo chake na aina ya ukuta, kwa sababu plagi ya ukuta mgumu haishiki kwenye ubao mwepesi wa jasi.

Kwa kabati lako basi, agizo la kuandika ni hili. Bawaba za kikombe cha 35 mm, za kufunika nusu, zinazofunguka hadi 110°, jozi moja, za mtengenezaji yuleyule, bila mabamba. Reli za droo za gololi, za kufungwa ubavuni, za kutoa droo nzima, zenye urefu utakaoupata kwa kupima kina cha ndani, jozi mbili. Pini za rafu za 5 mm, nne kwa kila rafu. Viungo vya mbao vya kuzungusha vya 15 mm pamoja na michi yake, ishirini. Zile bawaba nne za milango ya pembeni usizitoe, maana zipo mahali pake. Kabla ya kuitengeneza droo yoyote, subiri reli zifike, uzipime unene kwa kalipa, yaani kifaa chenye taya mbili cha kupimia unene, ndipo ukate mbao.